Dai si deni: bili ya hospitali ya Bibi na somo nililolipata

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye barza ya vijana wa tawi letu hapa Ng'ambo, Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Wengi mlioikosa mmeniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale niliporudiarudia.



Mwenyekiti wa barza aliponiita alisema, "Njoo utufundishe sheria." Nikamwambia mie bado mwanafunzi, mwaka wa tatu, sina hata leseni ya kusimama mahakamani. Akasema basi njoo utusimulie lile la bili ya Bibi. Hilo naliweza, kwa sababu nililipata kwa kuumia.

Mwaka juzi Bibi yangu, mzaa mama, alianguka usiku chooni nyumbani kwetu, nyuma ya majumba ya Michenzani. Alikuwa na miaka 74. Tukamkimbiza hospitali ya serikali, tukaambiwa usiku ule kitanda hakuna. Mjomba akasema hatuwezi kukaa kwenye korido tunamtazama, tukampeleka hospitali binafsi. Jina lake silitaji, na msiniulize, maana sikuja hapa kuchafua mtu. Nimekuja kwa sababu najua kuna wengine humu wamepitia hayo hayo katika hospitali nyengine.

Getini tulitakiwa tuweke 500,000 kabla hajaguswa. Tukachangishana, tukaweka. Usiku wa kwanza akalazwa chumba cha uangalizi maalumu. Siku ya pili akahamishiwa wodi ya kawaida, akala uji, akaniuliza mtihani wangu lini. Nikampiga picha akiwa na kikombe mkononi. Hiyo picha mtaisikia tena. Siku zilizofuata tukalipa kidogo kidogo mpaka tukafikisha 2,400,000 kwa jumla. Usiku wa kuamkia siku ya sita Bibi akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sasa hapo ndo lilipoanza letu. Alfajiri Mjomba keshaita watu, kaburi linachimbwa, maziko tumeyatangaza baada ya Adhuhuri. Tunakwenda kuchukua maiti, keshia anatwambia bado 1,460,000, na maiti haitoki mpaka zilipwe au mtu asaini udhamini. Mjomba yuko makaburini. Mama hawezi hata kusimama. Khalti yangu akanigeukia mie, akasema, "Weye ndiye msomi wetu, saini mwanangu, watu wanasubiri."

Nikasaini. Mwanafunzi wa sheria niliyetoka kufanya mtihani wa somo la mikataba, nikasaini karatasi ambayo sikuisoma, na mstari wa kiasi cha fedha ulikuwa mtupu. Sikuomba nakala wala sikupiga picha. Simu ilikuwa mkononi.

Silaumu khalti na sijilaumu sana mwenyewe. Kwetu sisi maiti haingoji. Ukimzuilia Mzanzibari maiti yake saa tano asubuhi na maziko ni saa saba, atasaini chochote utakachomwekea mbele. Anayekuwekea karatasi ile anajua hivyo.

Tukazika. Pale kaburini Mjomba akasimama akasema maneno tunayoyasema siku zote: marehemu alikuwa binadamu, mwenye kumdai aje kwetu, sisi ndio tutakaolipa. Mnayajua maneno hayo. Ni maneno mazuri, ni amana. Lakini yakawa ndio fimbo ya kutupigia.

Baada ya miezi miwili simu zikaanza. Mtu anajitambulisha kwamba ni wakala wa kukusanya madeni, dai la hospitali limekabidhiwa kwao, na sasa si 1,460,000 tena, ni 1,679,000. Kwa nini? Wameongeza asilimia 15, wanaiita "gharama za ufuatiliaji". Akanipigia mie, akampigia Mama, akampigia binti wa khalti ambaye hata hospitali hakufika. Siku moja akaja nyumbani, akakaa barzani, akasema kwa sauti majirani wasikie: "Mjomba wenu alisimama makaburini akasema mtalipa. Mnamwacha marehemu ananing'inia na deni?" Akasema akitoka pale anakwenda kwa sheha, na akitoka kwa sheha anakwenda polisi.

Mama yangu ni mtu wa heshima zake. Jioni ile hakula. Wiki iliyofuata nikarudi chuoni nikakuta cherehani ya Bibi haipo. Mama ameiuza 180,000, akaongeza 20,000 ya mchezo wake wa upatu, akampa yule mtu 200,000 mkononi. Risiti? Hakuna. Alimwambia ataileta.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu neno langu lote la leo limo hapo. Wazee wetu wanasema dawa ya deni ni kulipa. Kweli. Lakini kabla ya dawa kuna kupima. Mtu akija na karatasi akasema unadaiwa, alicholeta ni dai. Dai linakuwa deni pale litakapothibitika: nani anadai, anamdai nani, kwa huduma gani, kiasi gani, na kwa makubaliano yepi. Kulipa dai ambalo halijathibitika si uaminifu, ni woga. Na mara nyingi si woga wa mahakama, ni woga wa majirani.

Kuna watakaosema, dada, dini yetu inaogopesha sana kuhusu deni. Ndiyo, na mie naogopa. Lakini aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu deni, na inachotaka ni liandikwe, kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Na aya mbili kabla yake inataka mwenye kudaiwa akiwa katika dhiki apewe muda. Kwa hiyo anayekuja barzani kwako kwa jina la dini, mwambie sawa, tuanze na hiyo dini: lete maandishi.

Basi nikaanza upya, safari hii kama mwanafunzi wa sheria na si kama mjukuu. Nitawaeleza nilichofanya hatua kwa hatua, ili na nyie mfanye.

Kwanza, niliuliza nani hasa anadaiwa. Bibi akifa, deni lake haliruki likatua juu ya vichwa vya watoto wake. Linalipwa kutokana na alichoacha, kabla ya mirathi kugawiwa, na ndio utaratibu wa sheria yetu ya Kiislamu pia: mazishi, madeni, wasia, halafu warithi. Bibi aliacha kitanda, kabati, vyombo na hiyo cherehani. Mama yangu hakusaini chochote, kwa hiyo yeye hakuwa mdaiwa hata kidogo. Aliyekuwa na kesi ya kujibu ni mie, mdhamini. Na maneno ya Mjomba makaburini? Yale ni ahadi ya heshima ya kupokea madai na kuyaangalia. Hakusema "tutalipa chochote atakachotaja mtu yeyote". Nilipomweleza Mama hivi alilia, kwa sababu cherehani ilikuwa imekwenda kwa deni ambalo halikuwa lake.

Pili, nikaandika barua. Si simu, si ujumbe wa kubishana usiku. Barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, nikaipeleka mwenyewe hospitali, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Niliomba vitu vinne: ankara yenye mchanganuo wa kila siku na kila huduma, nakala ya ile karatasi niliyosaini, barua inayoonyesha kwamba yule wakala ametumwa na wao, na maelezo ya hiyo asilimia 15 imetoka wapi. Nikaongeza mstari mmoja: mpaka nijibiwe, dai hili ninalipinga, na mawasiliano yote yaje kwangu tu, kwa maandishi.

Kwa nini nilikuwa na haki ya kuuliza? Kwa sababu ya kanuni moja ambayo hata asiyesoma sheria anaijua: mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Imo ndani ya Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya 2016, na ilikuwapo kabla yake. Si kazi yangu kuthibitisha kwamba sidaiwi. Ni kazi ya hospitali kuonyesha kwamba nadaiwa.

Tatu, nikakusanya vyangu. Risiti zote nikazitandika juu ya mkeka. Risiti za dawa tulizonunua wenyewe duka la dawa Mlandege, kwa sababu hospitali walitwambia hawana. Na ile picha ya Bibi na kikombe cha uji. Simu inaandika tarehe na saa. Nyuma yake inaonekana wodi, dirisha, na kitanda cha mgonjwa mwengine.

Mchanganuo ulichukua wiki tano kufika, na nilikwenda kuuliza mara tatu. Ulipokuja nikaelewa kwa nini ulichelewa. Chumba cha uangalizi maalumu tulitozwa usiku watatu, na Bibi alilala mmoja. Tofauti na bei ya wodi ni 480,000. Kipimo cha kichwa kimeandikwa mara mbili, na alipimwa mara moja: 350,000. Dawa za 320,000 zimeandikwa kana kwamba zimetoka kwao, na risiti za Mlandege ninazo mie. Jumlisheni: 1,150,000. Toa kwenye 1,460,000, inabaki 310,000.

Sijasema ni wizi. Inawezekana mtu aliyeandika alichoka, inawezekana kompyuta ilijirudia. Lakini angalieni, makosa matatu na yote yameegemea upande mmoja. Na kama tungelipa kwa aibu, hakuna ambaye angeyajua milele.

Nne, ile karatasi. Nakala ilipokuja, mstari wa kiasi haukuwa mtupu tena. Umeandikwa 1,460,000 kwa wino mwengine. Sasa hapa nataka niwe mkweli kwenu: kuthibitisha kwamba niliisaini ikiwa tupu ni kazi ngumu, maana sikuwa na picha. Ndio maana nasema piga picha kila karatasi unayosaini, hata kama wanakutazama vibaya. Lakini nilikuwa na hoja nyengine. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 149, ambayo mzizi wake ni ile sheria ya India ya 1872, inasema mkataba unataka ridhaa ya hiari. Saini iliyopatikana kwa shinikizo inaweza kutenguliwa. Na shinikizo gani kubwa kuliko kuambiwa maiti ya bibi yako haitoki?

Hili la kuzuia maiti na wagonjwa tulitazame vizuri, kwa sababu wenzetu wa jirani wameshalipeleka mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa ilisikiliza kesi dhidi ya hospitali ya Pandya iliyokuwa imeshikilia maiti kwa sababu ya bili. Jaji Waki alikataa maiti isitumike kama rehani ya deni. Mwili wa marehemu si bidhaa ya kuweka bondi. Na mwaka 2015, Nairobi, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Mahakama ikasema haki zao zilivunjwa, ikaamuru mmoja alipwe fidia ya shilingi za Kenya 1,500,000 na mwengine 500,000. Bili iliyomzuia mmoja wao ilikuwa shilingi elfu chache tu.

Hukumu za Kenya haziwafungi majaji wetu. Lakini zinaweza kusomwa mbele yao, kwa sababu hoja ni zile zile. Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda uhuru wa mtu binafsi. Na Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Deni ni jambo la madai, si jinai. Anayekutishia polisi kwa bili ya hospitali anakutisha tu. Ndiyo, kuna kitu kinaitwa kifungo cha madai, nisiwadanganye. Lakini hicho kinakuja baada ya kesi, baada ya hukumu, na kwa amri ya mahakama. Hakiji kwa simu ya saa tatu usiku.

Na mjue tofauti hii pia. Kuna dalali wa mahakama, huyo anakuja na amri ya mahakama mkononi na anatekeleza hukumu. Na kuna wakala wa madeni, huyo ni mtu aliyeajiriwa kukukumbusha. Wakala hana uwezo wa kuchukua hata sufuria. Akikwambia atabeba friji, muulize namba ya kesi. Wa kwetu nilipomuuliza namba ya kesi alinyamaza, halafu akakata simu.

Na sheha? Sheha si mkusanyaji wa madeni ya kampuni. Wetu yule mtu alimfuata kweli, na namshukuru sheha kwa hili, ingawa kwa siasa hatuko pamoja: alimwambia nenda mahakamani, hapa pana kazi za shehia. Haki ikitendeka tuseme imetendeka, hata aliyeitenda akiwa wa upande wa pili.

Mwisho wake ulikuwaje? Niliandika barua ya pili, nikaambatisha risiti, picha na hesabu. Nikapitia kwanza Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kipo tangu 1992 na kinasaidia watu kama sisi, wakanisomea barua na kunifutia maneno ya hasira. Na hilo nawausia: barua ya hasira haisomwi. Hospitali ikaniita. Yule bwana wa fedha hakuwa mtu mbaya. Tukapitia mstari kwa mstari, akakubali makosa yote matatu, na ile asilimia 15 akasema haimo kwenye karatasi niliyosaini, kwa hiyo ikaondoka. Ikabaki 310,000. Hiyo ilikuwa deni. Nikailipa kwa mafungu mawili, kwa risiti, na nikadai barua ya kusema hatudaiwi tena. Ninayo, nimeiweka ndani ya msahafu wa Bibi.

Nikauliza kuhusu zile 200,000 za Mama. Wakasema hazijawafikia, na yule wakala akasema hazijui. Hakuna risiti, hakuna shahidi zaidi ya Mama. Hizo zimekwenda. Cherehani nayo imekwenda. Nilipita duka la aliyeinunua, Kwa Alinatu, nikaikuta, akataka 260,000. Sikuwa nazo. Safari nyengine nilipopita haikuwepo.

Kwa hiyo msiondoke hapa mkasema dada kashinda. Tulipunguza 1,460,000 ikawa 310,000, na Mama bado anapita njia ya nyuma kwenda sokoni kwa sababu ya yale maneno ya barzani. Dai linaweza kusahihishwa kwa barua. Aibu haina barua ya kuifuta.

Na hapo ndipo nataka kutoka kwenye nyumba yetu na kuingia kwenye mtaa. Kwa nini yule wakala alikaa barzani akasema kwa sauti? Kwa sababu anajua kila mmoja wetu atabeba bili yake peke yake, kwa kificho, kama ugonjwa wa aibu. Nilipoanza kusimulia habari hii chuoni na hapa mtaani, watu saba wakaniambia nao wana karatasi kama ile. Saba! Wote jirani zangu, na hakuna aliyejua ya mwenzake.

Ng'ambo haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1928, enzi za Mwingereza na Sultani, watu wa Ng'ambo walikuwa wamejenga nyumba zao juu ya viwanja vya watu wengine, na kodi ya kiwanja ilikuwa imepandishwa mpaka ikawa haibebeki. Wakagoma kulipa. Hawakugoma mmoja mmoja, waligoma mtaa kwa mtaa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Wale waliitwa washenzi na wakaidi, lakini swali lao lilikuwa ni hili hili: kiasi hiki kimetoka wapi, na nani amekupa haki ya kukipandisha? Serikali ile, ambayo haikuwachagua wala hawakuichagua, ililazimika kutunga sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi ile. Bibi zetu hawakuwa na shahada. Walikuwa wanazungumza.

Sasa tuseme la kisiasa, maana hii ni barza ya chama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tuliahidiwa matibabu bure. Leo tunajua hali ilivyo. Mwaka 2023 ukaanzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na ukaanza na watumishi wa umma. Ni hatua, sitaki kuibeza. Lakini Bibi hakuwa mtumishi wa umma, alikuwa akishona. Kipato chake cha uhakika kilikuwa pensheni jamii, ile iliyoanza 2016 kwa 20,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Bili iliyopelekwa kwa wakala, 1,460,000, ni pensheni yake ya zaidi ya miezi 29. Miezi 29 ya mzee, na 23 kati yake ni makosa matatu ya keshia.

Wengine mtasema mbona viongozi wa Wizara ya Afya kule Bara wameshakataza hadharani kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Wamekataza, lakini afya si jambo la Muungano. Tamko la waziri wa Dodoma halimfungi keshia wa hospitali ya Unguja. La kwetu lazima tulitunge sisi, ndani ya Baraza letu la Wawakilishi. Kwa hiyo mie nawaomba wawakilishi wa chama chetu walibebe hili mambo matatu. Moja, iandikwe kwenye sheria, si kwenye tamko, kwamba maiti na mgonjwa aliyeruhusiwa hawazuiliwi kwa deni. Mbili, kila hospitali, ya serikali na ya binafsi, ibandike bei zake mlangoni na itoe mchanganuo bila kuombwa. Tatu, wakala wa madeni asajiliwe, apigwe marufuku kumfuata asiyedaiwa, na kila shilingi anayopokea itolewe risiti.

Wakati tunasubiri hayo, yapo tunayoweza kuyafanya sisi wenyewe tangu leo. Malalamiko ya hospitali binafsi yapelekwe kwenye Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Ya bei na udanganyifu wa mtumiaji yana sheria yake ya 2018, na ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya kuyapokea. Wasaidizi wa sheria wapo kwenye majimbo yetu, tumieni. Na hapa tawini, mimi na wenzangu wawili wa sheria tutakaa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Lete bili yako, tutaipitia mstari kwa mstari. Hatutakwambia usilipe. Kama ni deni, tutakwambia lipa, na tutakusaidia kuomba mafungu. Hospitali ina wauguzi wanaokesha, nao wana watoto, na wakinyimwa haki yao hospitali itafungwa na sote tutaumia. Tunachotaka ni kujua hesabu.

Namalizia kwa ombi kwa wale ambao kesho au kesho kutwa watasimama makaburini kwa niaba ya familia. Endeleeni kusema mwenye kudai aje. Msiache, ni katika mambo mazuri tuliyorithi. Ila ongezeni maneno mawili tu: aje na maandishi.